Tumbo la Zamu

Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kabla supamaketi haijafunguliwa, makeshia waliitwa stoo kwa ukaguzi wa sare. Jina lilikuwa hilo, ukaguzi wa sare, na meneja alilitamka kwa uso mkavu kabisa. Lakini sare hazikutazamwa na mtu. Kila mwanamke alisimama pembeni ya rafu ya madumu ya mafuta ya kupikia, mgongo na visigino vikigusa ukuta, mikono chini. Meneja alifumba jicho moja, kama seremala anayepima ubao, akachungulia kwenye ukingo wa rafu. Tumbo lisilovuka ukingo lilihesabiwa kuwa sare safi. Tumbo lililovuka lilikuwa sare chafu, na mwenye sare chafu hakuongezewa mkataba. Mikataba yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, mifupi makusudi, kwa sababu kampuni haikupenda kufukuza watu. Ilipenda kusubiri.

Keshia wa mashine ya pili alikuwa na mimba iliyoanza kuchomoza. Siku hiyo alivuta pumzi mpaka macho yakamtoka, na meneja akasimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya wenzake.

"Umeshiba nini asubuhi yote hii?" alimwuliza.

Keshia akasema ni gesi.

"Gesi hizo zishughulikie kabla ya mwezi ujao," alisema meneja, akaenda kwa mwingine.

Hii ilikuwa mimba yake ya pili. Ile ya kwanza ilimtoka akiwa amesimama pale pale mashineni, Jumamosi ya msongamano, baada ya kuomba kiti na kuambiwa kwamba keshia aliyekaa humfanya mteja ajione anasumbua. Alimalizia kumhudumia aliyekuwa mbele yake, maana alikuwa na vitu vichache tu. Kampuni ikampa pole kwa tangazo la ubaoni na pakiti ya biskuti zilizokaribia kuharibika. Hii ya pili aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na kazi nayo aliitaka, asitake vipi? Bila kazi hakuna chumba, na mumewe, fundi friji, alikuwa na ujuzi mwingi na friji chache.

Saluni ya mtaani kwao ilikuwa na viti vitatu na draya moja inayonguruma, na ndipo mahali pekee ambapo mwalimu, nesi, dada wa benki na keshia walikaa mstari mmoja, kwa sababu foleni ya draya haikumpisha mtu. Jumamosi hiyo keshia alisimulia habari ya rafu. Hakulia. Alisema tu kwamba angempata mtu wa kumshikia tumbo hata siku moja, ile Jumatatu ya ukaguzi, angemshukuru mpaka kufa.

"Lete nikushikie," alisema msusi.

Alilisema vile mtu anavyosema akimwona mwenzake ameelemewa na mikoba. Akaweka kitana chini, akafuta mikono yenye mafuta, akamsogelea. Tumbo likahama. Likamtoka keshia likamwingia msusi kwa joto kidogo, na gauni la keshia likalegea kiunoni. Msusi akajishika mgongo, akasema huyu mtoto ni mzito kwa umri wake, akarudi kusuka. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya akauliza kama jambo hili litachelewesha zamu yake. Akaambiwa hapana, akaendelea kusoma simu.

Jioni keshia alipopita kulichukua, alikuta msusi ameketi juu ya ndoo, miguu imevimba.

"Shoga, mimi sina bosi wa kuninyima likizo," alisema msusi, "lakini likizo yenyewe pia sina. Nikisimama hivi kila siku tutampoteza. Tugawane."

Basi wakagawana. Usiku tumbo lilikuwa la mwenyewe, na asubuhi alipokwenda kazini alilipitisha kwa mwenye zamu, kama watu wanavyompitisha mtoto kwa jirani. Mwalimu alikubali bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto, na alisema darasani kuna kiti, ingawa hajawahi kupata nafasi ya kukikalia. Nesi alichukua siku zinazofuata zamu zake za usiku. Siku hizo tumbo lililala mchana kutwa kitandani kwake, mapazia yamefungwa, na mtoto alizipenda kuliko zote, maana hakupiga teke hata moja.

Mume naye aliombwa, asije akasema alitengwa. Alisema angelibeba kwa moyo mkunjufu, tena kwa fahari, ila kesho ana friji ya kwenda kuitazama. Kesho ilipofika alikuwa anaumwa mgongo. Wakamwacha na mgongo wake.

Aliyekuwa mgumu ni dada wa benki. Alisema yeye na keshia wanajuana kwa foleni tu, mmoja kwenye kuweka pesa na mwingine kwenye kununua sabuni, na kwamba kazini kwake mambo ya namna hii yanaharibu jina la mtu. Msusi akamgeuza kichwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hao wanaume uliowafundisha kazi wakawa mabosi wako," alimwuliza, "walikupita kwa nini?"

Habari hiyo haikuwa siri. Dada wa benki mwenyewe aliisimulia kila alipokalia kiti hicho.

"Wanasema naweza kuzaa wakati wowote."

"Umezaa?"

Dada wa benki akajitazama kwenye kioo. Alikuwa ameahirisha mtoto mpaka apande cheo, cheo nacho kikamwahirisha yeye, na sasa daktari alikuwa ameanza kumjibu kwa sentensi ndefu ndefu. Msusi akamaliza mstari mzima wa kusuka.

"Nipeni Alhamisi," alisema.

Alhamisi ya kwanza aliingia benki na tumbo. Hakuna aliyeshangaa wala kuuliza limetoka wapi, ingawa jana hakuwa nalo. Kabla ya chakula cha mchana jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye safari ya mafunzo. Kabla ya jioni meza yake ilikuwa imehamishiwa karibu na choo, kwa ajili ya raha yake, walisema. Ijumaa aliingia hana tumbo, yuko mwembamba kama kawaida yake, lakini hakutokea mtu wa kuirudisha meza.

Shuleni, mwalimu mkuu alimpongeza mwalimu kwa baraka, kisha akamwambia kwamba mwanamke asiye na mume na mwenye tumbo hawezi kufundisha somo la maadili, wazazi watasema. Hesabu anaweza, hesabu hazina aibu. Na kwenye kikao cha walimu, ambako siku zote yeye ndiye aliyemiminia wanaume chai ingawa alikuwa mkuu wa idara, aliambiwa asijisumbue kusimama, amimine akiwa ameketi. Wodini, siku nesi alipoitwa kazini ghafla akaenda nalo, mgonjwa mmoja mwenye afya ya kutosha kulalamika alilalamika kwamba nesi mwenye tumbo anachelewesha mambo, na bosi wake akamkumbusha nesi kwamba ujauzito si ugonjwa. Hakumkumbusha mgonjwa kitu.

Kila jioni walipokutana saluni kukabidhiana, mwenye zamu alileta tumbo pamoja na maneno aliyoambiwa kwa ajili yake. Walicheka sana, maana wangefanyaje? Keshia alisikiliza na kuona mengi. Kwa miaka alikuwa akimwonea wivu dada wa benki kwa viatu vyake na kile kiti chake cha kuzunguka, kumbe mwenzake alikuwa akila dharau zile zile, ila zake zilisemwa kwa sauti ya chini na neno tafadhali mbele. Dada wa benki naye aliacha kumwita keshia "yule wa sabuni." Alianza kumwita mdogo wangu, na alipolipokea tumbo asubuhi aliliuliza limelalaje.

Ukaguzi ukaja na kupita. Keshia alisimama kando ya madumu akiwa bapa kama rafu yenyewe. Meneja akasema sare safi, akaongeza kwamba amefurahi gesi zimekwisha. Mwezi mwingine pia safi. Mwezi wa tatu keshia akatia saini mkataba mpya, na meneja akampa mkono.

Aliyetoboa siri alikuwa mtoto. Siku moja msusi, akiwa na tumbo, alikwenda supamaketi kununua sabuni ya kuoshea vitambaa vya saluni, akaingia foleni ya mashine ya pili. Keshia akasema kama anavyomwambia kila mtu, "Karibu, una kadi ya uanachama?" Mtoto kusikia sauti ya mama yake akacheza ndani ya msusi kwa furaha mpaka aproni ikaruka, na keshia bila kukusudia akanyoosha mkono juu ya kaunta, akamtuliza. Meneja alikuwa amesimama kwenye mbogamboga. Alitazama tumbo, akamtazama keshia, akaelewa.

Usidhani alishtuka. Alimwita ofisini akamwuliza swali moja tu, kama hilo tumbo huwa linaletwa stoo saa za kazi. Keshia akasema hapana, linakaa kwa watu wengine. Meneja akashusha pumzi. Kesho yake tangazo likabandikwa ubaoni: kampuni, ambayo siku zote imewajali wanawake, inawapongeza wafanyakazi kwa ushirikiano wao mzuri na watu wa sekta nyingine, na kuanzia sasa inatarajia kila keshia aache tumbo lake nyumbani.

Mwisho wa mwezi, keshia wa mashine ya tano, msichana mgeni mjini asiyejuana na mtu, alivuka ukingo wa rafu.

"Mbona wenzako wanaweza?" meneja alimwuliza.

Mkataba wake ulikuwa unaisha siku hiyo hiyo, na kibarua chake kikaota nyasi. Keshia wa mashine ya pili alisimama zamu nzima akiona aibu, ingawa aliyestahili kuona aibu alikuwa anazunguka dukani akipanga makopo. Jioni yeye na msusi walikwenda kumtafuta yule msichana ili wamwambie kwamba mikono ipo, hata matumbo mawili yangebebeka. Walikuta chumba kimefungwa, mwenye nyumba anafagia.

Tangu siku hiyo keshia aliacha kucheka saluni. Miezi yote alikuwa amejiambia kwamba kubeba kutagawanywa, lakini kuzaa atazaa mwenyewe. Alitaka kuwepo. Alitaka aumie yeye, apige kelele yeye, na mtoto akifungua macho akute uso wake. Aliwaambia wenzake hivyo kwa maneno hayo hayo, na wote wakakubali kwamba wiki ya mwisho tumbo litakaa kwake usiku na mchana. Akaenda kuomba ruhusa.

Ilikuwa wiki ya punguzo la bei. Meneja alikuwa na kofia ya karatasi kichwani, kwa ajili ya kuwachangamsha wateja.

"Una tumbo?" alimwuliza.

"Leo liko kwa mwalimu."

"Basi huna," alisema meneja. "Rudi kwenye mashine, foleni imefika kwenye maziwa."

Mwalimu alikuwa ubaoni anafundisha sehemu za namba aliposikia maji yanamshuka. Aliwaambia wanafunzi waendelee na zoezi la pili, wasipige kelele, akatoka nje akashika ukuta. Dada wa benki alipopigiwa simu alikuwa na mteja mbele yake, mtu mzito mwenye akaunti nzito. Akanyanyuka akamwacha ameshika kalamu hewani, na gari lake lilifika shuleni kabla mwalimu hajamaliza kumweleza mwalimu mkuu kwamba hapana, hawezi kusubiri kengele. Nesi alikuwa ametoka zamu na viatu amekwisha kuvua. Akavivaa tena.

Msusi ndiye aliyekimbilia supamaketi. Mlinzi akamwambia wiki hii hawaruhusu wapita njia, wanaingia wanunuzi tu. Msusi akachukua kiberiti, akapanga foleni nyuma ya watu wenye matoroli yaliyojaa, akasogea hatua kwa hatua huku anauma meno, mpaka akafika.

"Amezaliwa," alisema, akiweka kiberiti juu ya kaunta.

"Nani kazaa?"

"Mwalimu. Yaani wewe. Msichana, ana nywele kichwa kizima."

Keshia alisubiri mwili wake useme kitu. Haukusema. Mwanawe alikuwa amekuja duniani wakati yeye anauza mafuta ya punguzo, na hakusikia hata kibofu kukaza. Alisimama pale akiwa mzima wa afya, hakuna panapouma, na hilo lilimuuma kuliko uchungu wowote ambao angeupata. Akakipitisha kiberiti kwenye mashine, ikalia, akatoa risiti, machozi yanamdondoka juu ya kaunta. Mtu wa nyuma akauliza kama mashine imeharibika.

Alimwona mtoto jioni, baada ya kufunga hesabu. Mwalimu alikuwa kitandani, amechoka, amemshika kama mtu aliyeshika mali ya mwenzake, kwa uangalifu mkubwa mno. "Chukua," alisema, akampa haraka, kisha akageukia ukutani. Keshia akamweka mtoto begani, akapanda kitandani akalala nyuma ya mwalimu, na wakalia wote wawili pasipo kuambiana sababu.

Kuhusu likizo ya uzazi, mambo yalikwenda hivi. Keshia aliomba, na meneja akamwuliza, "Nani kazaa?" Keshia akasema mtoto ni wake. "Sikukuuliza mtoto ni wa nani," alisema meneja. "Likizo ni ya aliyezaa." Mwalimu naye aliomba, na mwalimu mkuu akamwuliza, "Mtoto ni wa nani?" Mwalimu akasema ameshonwa nyuzi, hawezi kukaa. "Sikukuuliza nyuzi," alisema mwalimu mkuu. "Likizo ni ya mwenye mtoto." Wanaume hao wawili hawakuwahi kuonana maishani mwao, lakini walielewana kuliko mapacha.

Wakaenda ofisi ya kazi wote watano, kila mmoja na nguo zake za kazini, mtoto akipita mkono hadi mkono. Afisa kazi alikuwa mtu mpole mwenye feni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, hakupinga hata neno moja kuhusu tumbo, akasema hata dada yake aliwahi kusikia jambo kama hilo. Akachukua kalamu akauliza, sasa mlalamikaji ni nani hasa?

"Sote," alisema keshia.

Hakuwahi kusema neno kwa sauti ile mbele ya mtu mwenye meza. Mwalimu akamshika mkono. Nesi akarudia, sote, na msusi, na dada wa benki.

Afisa kazi akaweka kalamu chini kwa masikitiko ya kweli. "Sote si mtu," alisema. "Sheria inamjua mwanamke mmoja na tumbo moja. Kaeni mwelewane ni yupi kati yenu, halafu mrudi." Kisha akatazama saa ya ukutani, ikawa ni muda wa kula.

Hawakurudi, maana walikwisha kuelewana. Mtoto akaingia kwenye zamu zile zile za tumbo, mchana kwa mwenye nafasi, usiku kwa mama yake. Na kwa kuwa wote watano walikuwa wamembeba, wote watano wakapata maziwa. Mtoto alipolia, popote alipokuwa, maziwa yaliwashuka wote kwa pamoja: mwalimu ubaoni, nesi wodini, msusi kwenye kichwa cha mtu, dada wa benki kwenye kikao cha mikopo, na keshia kwenye mashine ya pili. Wakubwa wao hawakuhoji. Benki ilimshauri dada avae koti hata kukiwa na joto. Mwalimu mkuu alimwomba mwalimu akumbatie kitabu kifuani anapofundisha, na wodini waliagiza nesi asimame mbali kidogo na wageni. Supamaketi, ambayo huwajali wanawake, iligawa aproni nyeusi zisizoonyesha madoa, na kuwakata makeshia gharama ya kitambaa.

Ilikuwa mchana wa siku ya kawaida, foleni ndefu, na keshia amesimama kama alivyosimama miaka yote. Mtoto akalia huko alikokuwa. Safari hii mwili wake ulisema: kifua kikakaza, maziwa yakashuka yakapenya sidiria na sare na ile aproni nyeusi, yakaanza kudondoka juu ya kaunta. Alijua kwamba dakika hiyo hiyo wenzake wanne nao wamelowa mahali fulani mjini, na aliwasikia karibu naye. Mteja aliyekuwa mbele yake, mzee mstaarabu wa suti, akasubiri kwa adabu, kisha akaomba mkate wake usogezwe, usije ukalowa.

Keshia akausogeza mkate, akamwuliza kama ana kadi.